Nyumba Hujengwa Ijumaa, Kikao Hukaa Robo Mwaka

Kwenye milima ya Mwanza msingi wa nyumba huchimbwa Ijumaa jioni. Anayejenga hana haraka ya kuhamia, ana haraka ya Jumatatu. Ofisi zikishafungwa, afisa mipango miji akawa kwake na mkaguzi wa majengo akazima simu, mafundi wanabaki na siku mbili, mchana na usiku, za kufikisha ukuta kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Ukuta ukifika hapo mambo yanageuka. Huzuii ujenzi tena, unabomoa nyumba ya mtu, na kubomoa kuna mlolongo wake: notisi, mgambo, polisi, majirani wanaorekodi kwa simu, mama aliyekaa mlangoni na ndoo zake, diwani anayeamshwa usiku na wapiga kura wake. Wanaojenga wanalijua hilo. Mafundi wanalijua zaidi, maana bei ya kazi ya wikiendi ni nyingine.

Madiwani tuliowapa kazi ya kusimamia mambo haya hukutana kila baada ya miezi mitatu.

Nimeyafuatilia haya kwa muda mrefu. Kwanza nilikuwa mpangaji wa nyumba huko Mabatini, bondeni, ambaye kila masika alijua kwa harufu ni nani wa juu yake amefungua choo. Baadaye nikaota tabia ambayo rafiki zangu wanaiona ya ajabu: napenda kwenda kukaa kwenye vikao vya baraza la madiwani. Hakuna kiingilio. Ni kikao cha wazi, unaingia, unakaa viti vya nyuma, unasikiliza. Wengine wanaokaa huko nyuma ni waandishi wa habari, makada wa vyama, na wazee wawili watatu wenye kesi ya kiwanja iliyozeeka pamoja nao. Katika kukaa huko nimeamini jambo moja ambalo sijasikia likisemwa waziwazi: mji huu unapangwa kwenye ofisi za mitaa, zile zenye bendera, benchi na muhuri. Jengo la halmashauri hupata habari baadaye. Kamati ya madiwani inayotakiwa kusimamia mipango miji inasimamia mabaki ya maamuzi yaliyokwishafanyika kwenye benchi lile.

Niieleze kidogo kamati yenyewe, kwa sababu hata watu waliosoma hawaijui. Kila halmashauri ya mji, iwe jiji au manispaa, ina kamati za kudumu za madiwani. Ya Fedha na Uongozi hukutana kila mwezi na ndiyo inayogombaniwa, sababu mnaijua. Nyingine hukutana kila robo mwaka, na mojawapo ni Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Huko ndiko hupitia michoro ya mipango miji, vibali vya ujenzi, maombi ya kubadili matumizi ya ardhi, taka, mifereji, maeneo ya wazi, makaburi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ikaiongezea uzito kwa kuifanya hiyohiyo kuwa kamati ya mazingira ya halmashauri. Mwanza tunazo mbili, kwa sababu mji ni mmoja lakini halmashauri ni mbili: Jiji la Mwanza linaloshika wilaya ya Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela iliyomegwa mwaka 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 594,834 Nyamagana na 509,687 Ilemela. Zaidi ya watu milioni moja, safu moja ya milima ya mawe, ziwa moja, mpango kabambe mmoja wa kuongoza ujenzi wa mji, wa 2015 hadi 2035, kamati mbili.

Na madiwani hao, tukumbuke, hawamwajiri mkurugenzi wala hawawezi kumfukuza. Mkurugenzi ni mteule wa Rais. Silaha kubwa ya diwani ni swali. Kwa hiyo kila kitu kinategemea anauliza nini, na anauliza akiwa ameshika karatasi gani.

Twende mlimani kwanza.

Kiwanja cha mlimani hakianzi na ramani. Kinaanza na karatasi moja au mbili zilizochapwa steshenari, zenye kichwa cha herufi kubwa: HATI YA MAUZIANO YA ENEO. Nimezisoma nyingi, kwa sababu watu wanaojua kuwa naandika huniletea niwaangalizie kabla hawajasaini. Zinafanana kama mapacha. Mimi fulani, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, nimemuuzia fulani eneo langu lenye hatua 18 kwa 14. Hatua za nani, haisemwi. Na kuna watu wafupi na kuna watu warefu. Kaskazini anapakana na jiwe kubwa. Kusini anapakana na Mama fulani. Mashariki njia. Magharibi korongo. Zinafuata namba za simu, mashahidi wa muuzaji, mashahidi wa mnunuzi, dole gumba, na chini kabisa nafasi ya mwenyekiti wa mtaa na muhuri wake.

Muhuri huo una bei. Mitaa mingi hutoza asilimia kumi ya bei ya eneo, ingawa viongozi wa juu wameikemea hadharani na hakuna sheria inayoitambua. Sitautaja mtaa, lakini nimekaa kwenye benchi moja la namna hiyo nikimsindikiza jamaa yangu.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Mmeshaelewana bei?"

"Tumeelewana."

"Mipaka mmeiona wote wawili?"

"Tumeiona."

Mwenyekiti akachukua simu yake, akatafuta namba, akaweka spika. "Mama Kulwa, hujambo? Mzee wako yupo hapa ofisini anauza lile eneo la juu. Wewe una habari?" Mama Kulwa alikuwa na habari, ila alitaka kujua bei iliyotajwa. Ikatajwa. Kukawa kimya kidogo upande wa pili, kisha akasema haya. Mwenyekiti akamtazama muuzaji kwa jicho la mtu aliyeelewa kitu, akavuta kauntabuku lake, akaandika tarehe, majina, kiasi, mipaka. Muhuri ukagongwa. Hela ya ofisi ikatolewa.

Sitaki kumdharau yule mzee. Ile simu kwa Mama Kulwa imezuia kesi ambayo ingekaa baraza la ardhi miaka. Alifanya uchunguzi wake, na aliufanya vizuri kuliko baadhi ya watu wenye shahada. Lakini hakuna aliyeuliza lile korongo la magharibi linapitisha maji ya nani. Hakuna aliyeuliza ile njia ya mashariki ina upana gani, na kama gari la kunyonya majitaka litafika, au la zimamoto, au hata bajaji ya kumteremsha mjamzito usiku. Hakuna aliyelitazama lile jiwe kubwa la kaskazini kama linashikiliwa na kitu chini yake, wakati kila mtu hapa anajua mvua ikila udongo, mawe ya Mwanza hushuka. Katika muda wa kunywa soda, kipande cha mji kikawa kimepangwa. Mpango kabambe wa mpaka 2035 haukuwamo chumbani.

Kinachoudhi ni kwamba mwenyekiti huyo, kisheria, ana mikono mitupu. Halmashauri ya kijiji ni chombo chenye nafsi ya kisheria: inamiliki mali, inashtaki na kushtakiwa, inatunga sheria ndogo, na haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Mtaa hauna mamlaka hayo. Ni mwenyekiti na wajumbe wa kamati yake, wanaochaguliwa na wananchi, kazi yao kuhamasisha, kushauri na kutekeleza. Mamlaka ya upangaji kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ni halmashauri. Pembezoni mwa Mwanza kuna maeneo yaliyokuwa vijiji kabla mji haujayafikia, na siku yalipoitwa mitaa, mkutano wa kijiji uliokuwa na sauti juu ya ardhi ulikufa bila matanga. Kilichobaki ni muhuri. Kwa hiyo tuna watu wenye mamlaka wasiokuwepo eneo linapouzwa, na watu waliopo eneo linapouzwa wasiokuwa na mamlaka. Na hakuna anayewaunganisha.

Sasa kikao. Siku ya kwanza ya baraza ni taarifa za kata, kila diwani anasoma yake. Siku ya pili ni taarifa za kamati. Mstahiki Meya anaingia na joho na mkufu, dua inasomwa, akidi inahesabiwa. Madiwani wana makabrasha yaliyofungwa kwa springi, mazito ya kutosha kuegeshea mlango, na kwa jinsi wengine wanavyofunua kurasa unajua wamelipata jana yake usiku. Wataalamu, yaani wakuu wa idara, wamekaa upande wao, kila mmoja na chupa ya maji.

Katika kikao kimoja cha halmashauri ambayo nitaiacha bila jina, ilifika zamu ya taarifa ya mipango miji na mazingira. Ilikuwa jedwali. Maombi ya vibali vya ujenzi yaliyopokelewa, yaliyoidhinishwa, yaliyorudishwa kwa marekebisho, mapato yaliyopatikana. Diwani mmoja akanyoosha mkono. "Mstahiki Meya, mimi kwenye kata yangu kila nikiinua macho naona bati jipya. Kwenye jedwali hili kata yangu ina vibali vya kuhesabu kwa vidole. Naomba mtaalamu anisaidie, hizi nyumba nyingine anajenga nani?"

Ukumbi ukacheka. Mtaalamu akasimama, akashukuru kwa swali zuri, akasema idara inaendelea kutoa elimu kwa wananchi juu ya umuhimu wa kibali, na kwamba ukaguzi unakwamishwa na uhaba wa usafiri. Diwani akakaa. Taarifa ikapokelewa.

Lile jedwali ni orodha ya watiifu. Waliomo ni wale waliokwenda wenyewe ofisini wakiwa na hati, michoro iliyochorwa na mtaalamu, na fedha ya ada. Mtu wa mlimani mwenye karatasi ya hatua 18 kwa 14 hata akitaka kuwa raia mwema, kibali kwenye eneo lisilopimwa ni mtihani. Kwa hiyo kamati ya madiwani inakaa robo baada ya robo ikiwasimamia wale ambao wangejenga vizuri hata bila kusimamiwa, na wale ambao nyumba zao zitaziba korongo hawamo kwenye karatasi yoyote iliyo mezani.

Ziara nazo ni vilevile. Kamati zinatembelea miradi, na mradi ni kitu chenye mkandarasi, makisio na fedha iliyopokelewa kutoka juu: darasa, zahanati, matundu ya vyoo vya shule. Nyumba mia zinazopanda kwenye mteremko kwa fedha za watu binafsi si mradi. Hazina jiwe la msingi la kuzindua, kwa hiyo msafara haufiki.

Tena niwatendee haki madiwani: vitu vingi vya kuufanya mji uwe mji vimeondoka mikononi mwao. Barabara zilikwenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Maji safi na majitaka ni MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira hakitoki halmashauri. Kibali cha kutumia maji ya ziwa kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Kodi ya majengo ilihamia TRA, mamlaka ya mapato, mwaka 2016. Mwananchi akiona mfereji umeziba anamfuata diwani, na diwani anaandika barua.

Hiyo kodi ya majengo ina kioja chake, na ni kioja ninachokipenda. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikawa 1,500. Haiulizi kama una hati. Haiulizi kama umejenga juu ya mkondo wa maji. Ukinunua umeme, imekatwa. Ndiyo maana unaweza kusimama mbele ya nyumba ya mlimani yenye X nyekundu ya kubomolewa ubavuni, X iliyopigwa na brashi ya serikali, na hatua mbili kutoka kwenye X hiyo ukakuta mita ya serikali inayokusanya kodi ya jengo hilohilo kila mwezi. Mwenye nyumba mmoja aliniambia X haimsumbui tena, yeye huwaonyesha wageni ile mita. "Hii ndiyo hati yangu," alisema, na hakuwa anatania sana.

Na ile mita haikuja yenyewe. Mwombaji wa umeme kwenye eneo lisilopimwa hupeleka barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti yuleyule, muhuri uleule.

Tushuke ziwani, maana huku chini kuna watu wa namna nyingine. Ile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mita 60 ni neno la kila mkutano wa mazingira Mwanza, limesemwa mpaka limechuja. Wapo wenye hati za zamani kuliko sheria hiyo, na hao wana hoja yao. Lakini hata ukiwaweka kando, swali la kawaida tu linabaki: mita 60 kutoka wapi? Mwishoni mwa 2019 mvua zilianza, na kufikia Mei 2020 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita moja, kwa kina ambacho hakijaonekana tangu 1964. Mwaka 2024 likapanda tena. Kwenye ufukwe wa mawe mkali kama Capri Point mita moja ya kina haisogezi ukingo sana. Kwenye ufukwe tambarare maji yalitembea mpaka kwenye veranda za watu, mialo ya wavuvi ikahama, hoteli zikaweka viroba vya mchanga. Mtu aliyejenga kihalali mita 61 mwaka 2018 aliamka ndani ya eneo la katazo bila kuhamisha tofali hata moja.

Hilo ni swali la kamati kabisa. Kukubaliana ukingo unahesabiwa kwenye kina gani cha maji, na kuweka alama ardhini watu wazione, hakuhitaji fedha ya kutisha. Kunahitaji madiwani waitishe watu wa Bonde, watu wa mazingira na wapima wao wenyewe wakae chumba kimoja. Badala yake mita 60 hutumika pale inapofaa. Kibanda cha mama wa dagaa huvunjwa kwa mita 60. Sijawahi kuona X nyekundu kwenye ukuta wenye kamera na nyasi za kupandwa. Labda zipo. Mimi sijaziona.

Milima na ziwa ni habari moja, na kinachoviunganisha ni Mto Mirongo. Unapita Mabatini, unapita Mlango Mmoja, unakatiza katikati ya mji, unaingia ziwani. Wakati wa kiangazi ni kijito chenye chupa za plastiki. Mvua kubwa ikinyesha, watu wa juu hutapisha vyoo: kuna tundu limewekwa chini ya ukuta wa shimo, limezibwa kwa tofali na matambara, mvua ikikolea linazibuliwa, na maji yanabeba. Mabwana afya wanalijua. Wenye nyumba wanalijua. Gari la kunyonya halifiki huko, na hata lingefika lina bei. Ukikaa Mabatini bondeni ndiyo unapokea.

Ziwa hilohilo ndiyo tunalokunywa. Mitambo ya Capri Point inavuta humo, na chanzo kipya cha Butimba kimejengwa kwa uwezo wa lita milioni 48 kwa siku. Ni habari njema, nami nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakiamka saa tisa usiku kukinga ndoo. Lakini kila lita inayopanda mlimani itashuka, na ikishuka haishuki kama ilivyopanda. MWAUWASA wamejaribu dawa yenye akili kwenye milima kama Igogo na Mabatini: mfumo rahisi wa majitaka, mabomba membamba yanayolazwa karibu karibu na nyumba, yanafuata vichochoro mpaka kwenye bomba kuu. Bila gari, bila shimo. Bomba hilo linahitaji kitu kimoja tu ambacho halmashauri haiwezi kukinunua tena baada ya miaka kumi, nacho ni upenyo. Korongo likiuzwa kwa hatua, njia ikibanwa mpaka mtu mnene anapita ubavu, bomba linakosa pa kulala, na mradi wa mabilioni unakwama kwenye ukuta wa jiko la mtu. Nani aliuza ule upenyo? Imeandikwa. Imo kwenye kauntabuku.

Urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati kwa makazi yaliyojengwa bila mpango, sitausema sana. Sheria ya Ardhi ya 1999 iliuweka, programu ya taifa ikaanza 2013, na Mwanza, hasa Ilemela, wamepima maelfu ya viwanja na kutoa hati ambazo watu wameziweka benki. Ni kazi ya kupongezwa. Ila urasimishaji hupima kilichopo. Ukifika umekuta njia ya futi nne, unapima njia ya futi nne, unaweka bikoni, unaibariki. Majirani wanaombwa kumega kidogo kila mmoja ili gari lipite, na hapo ndipo kikao kinavunjika, kwa sababu aliyejenga mwisho hataki kumega na aliyejenga mwanzo anasema yeye alikuwepo. Dawa hiyo ni ya baada ya ugonjwa.

Ninachotaka mimi ni kidogo kuliko sheria mpya. Nataka lile kauntabuku lifike mezani.

Fikiria muda. Kati ya siku muhuri unapogongwa na Ijumaa ile ya msingi, huwa kuna miezi, mara nyingi mwaka na zaidi. Mtu amemaliza akiba kununua eneo. Sasa anaanza kutafuta fedha ya tofali, saruji, na mchanga unaopandishwa kwa ndoo kichwani, ambao bei yake hupanda pamoja na mlima. Anawasha moto juu ya jiwe, analimwagia maji lipasuke, anagonga kokoto mwenyewe baada ya kazi. Robo mwaka mbili, tatu, nne zinapita eneo likiwa tupu. Kamati inayokutana kila miezi mitatu inaonekana ya polepole kwa sababu inasubiri ukuta. Ingekuwa inasoma mauziano, ingekuwa mbele ya kila mtu. Mtendaji wa mtaa anajumlisha: robo hii yameuzwa maeneo kadhaa, matatu yanapakana na korongo, moja linapakana na ziwa, mawili yana jiwe kubwa juu yake. Inaingia kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani mwenyewe. Inaingia kwenye taarifa ya kata. Inafika kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Afisa anapelekwa kwenye hayo sita tu, kwa pikipiki, akaweke vigingi vya kuonyesha mkondo wa maji na njia, akamwambie mnunuzi jenga hapa, hapa usiguse. Mnunuzi ambaye hajamwaga zege husikia. Aliyefika kwenye linta hasikii, wala mimi nisingesikia.

Nililipeleka wazo hili kwa mwenyekiti mmoja ninayemheshimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanikatisha tamaa kistaarabu.

"Mwanangu, ukishalipeleka kauntabuku langu kwa wakubwa, kitu cha kwanza watakachoona ni ile asilimia kumi. Hawataona korongo. Na watu wakijua kwangu kuna macho, watauziana kwa wakili mjini, mimi nitaijua nyumba ikishaezekwa."

Ana hoja. La asilimia kumi lina jibu, ingawa halitampendeza: iwe ada halali yenye risiti na kiwango kidogo kinachojulikana, ibaki sehemu kwenye mtaa kwa ajili ya shajala na ulinzi, au ikatazwe kwelikweli. Kuiacha ilivyo, gizani, ndiko kunakofanya daftari liwe siri. La wakili ni gumu zaidi. Wapo watakaokwenda mjini, bila shaka. Lakini wakili hajui lile jiwe, hajui Mama Kulwa, na mnunuzi bado atarudi mtaani siku ya kutaka barua ya umeme. Mwenyekiti alicheka niliposema hivyo. Akasema basi hapo kwenye umeme ndipo pa kumshikia mtu, si kwenye mauziano. Tukabishana mpaka chai ikapoa, na sikuweza kumshinda kabisa: ni kweli barua ya umeme ni mlango usiokwepeka, ila ni mlango wa nyumba iliyokwishasimama.

Nimeandika swali, nusu ukurasa, nikalipeleka ofisi ya kata kabla ya kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Linauliza mambo mawili: katika robo iliyopita yameuzwa maeneo mangapi ambayo mipaka yake inataja korongo, mto au ziwa, na ni mangapi kati ya hayo afisa wa halmashauri ameyakanyaga kwa miguu yake. Mtendaji alilisoma, akaniuliza kama mimi ni mwandishi, nikasema ni mkazi. Amelipanga chini ya mengineyo.